Karanga za Mama, Mbichi na za Kukaanga

Kina mama wa kwaya, tangu nirudi kila mmoja wenu ananishika mkono nje ya kanisa na kuniuliza, "Mama Riziki, karanga zilifika?" Nimejibu mpaka mdomo umechoka, na kila nikijibu nakasirika upya. Sasa naandika mara moja tu. Anayetaka asome, asiyejua kusoma asomewe, na baada ya hapa mtu asiniulize kitu. Habari za kibali na karatasi naziruka. Mnazijua, na hazijawahi kumfurahisha mtu.

Nianze na karanga zenyewe, kwa ajili ya wale waliofika kambini juzi. Mama yangu, kule Fizi, Kongo, alikuwa na karanga ndogo nyekundu, zilizokunjamana, ambazo ukizimwaga sokoni mtu anakuonea huruma. Kila mavuno alitenga za kila shina peke yake, akakaanga mbili kutoka kila shina, akatafuna macho amefumba. Shina lisilomridhisha liliingia sufuriani hata kama limezaa kupita mengine yote. Lililomridhisha ndilo lililokuwa mbegu. Alifanya hivyo maisha yake yote. Mimi nilikimbia na mbegu hizo zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge, nikaendelea na mchezo uleule hapa Nakivale, nanyi mkanicheka kwamba naharibu kuni. Lakini karanga zangu za kusaga mmezila, na sijaona hata mmoja wenu aliyerudisha chupa ikiwa na kitu ndani.

Msimu uliopita ukaja ule ugonjwa wa kudumaa. Majani yakawa ya njano, yakajikunja, na chini ya udongo hakukuwa na kitu. Nilibaki na kopo moja la maziwa ya unga lililojaa mbegu. Hiyo ndiyo karanga yote ya mama iliyobaki chini ya jua.

Hapo ndipo alipotokea Daktari. Si wa watu, wa mimea, anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti nje ya Mbarara. Alikuwa akipita sokoni hapa Base Camp, akaonja chupa yangu ya mwisho ya karanga za kusaga kwa ncha ya kijiko, akasimama palepale kama mtu aliyeitwa jina. Akaniambia kwamba wao wanayo karanga isiyougua, inazaa sana, ila kuila ni kama kutafuna karatasi. Miaka mingi wataalamu walichagua uzito na afya, hakuna aliyeuliza ulimi. Alitaka kuzifungisha ndoa hizo mbili: yangu ilete ladha, yao ilete afya. Lakini lazima zipandwe siku moja ili zitoe maua pamoja, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nilete mbegu mbichi.

Nilibeba kopo zima. Msiniulize kwa nini sikuacha nusu. Panya wa mtaa wetu mnawajua.

Kutoka Base Camp, kuelekea nyuma

Jumatatu asubuhi nilipanda lori la Deo, yule dereva wa Kinyankore anayenunua ndizi. Alikuwa ameniapia kwamba anaenda Mbarara moja kwa moja. Nilikaa mbele, kopo limefungwa ndani ya mfuko wa kitambaa, mfuko uko mapajani. Tukafika njia panda, na lori likakata upande usiofaa.

"Shofere, Mbarara iko kule," nikamwambia. "Sasa unanipeleka fasi gani?"

"Tulia, nyabo. Tunapitia Ngarama kidogo, tunapakia matoke, tunarudi. Saa moja tu."

"Saa moja ya nani?"

"Haraka haraka haina baraka, mama."

Hakuna kinachonichoma kama mtu mchelewaji mwenye methali. Ngarama iko karibu na mpaka wa Tanzania. Ni sawa na mtu anayetoka kitandani kwenda mlangoni kupitia dirishani.

Tulipofika, ndizi zilikuwa bado ziko migombani. Wenye mashamba walisema hawakati mpaka waone lori kwa macho, kwa sababu wanunuzi wengine waliwahi kuwadanganya, ndizi zikaiva zikawaozea. Sawa, walikuwa na haki. Wakaanza kukata. Na mvua nayo ikaanza. Mlima wa Ngarama ukawa sabuni, lori likarudi nyuma lenyewe likiwa tupu, na Deo akazima injini, akalala juu ya usukani.

Mimi nilikimbilia nyumba iliyokuwa karibu. Mwenyewe alikuwa bibi mwembamba, mjane, watu wote wanamwita Kaaka, maana yake bibi. Kiswahili chake alikipata kwa kuuza ndizi na kununua samaki wakavu ng'ambo ya mpaka, basi hakikuwa kibaya.

"Ingia, nyabo. Mvua ya hapa hasikii mtu. Leta hiyo mfuko tuweke."

Nikamkatalia mfuko. Kwetu mwenyeji akikupokea mzigo unamwachia, kumnyima ni kumwambia kwamba ni mwizi. Niliona haya, lakini nilikuwa bado na akili zangu siku ile. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Kaaka alinipa bushera, kile kinywaji chao cha mtama chenye uchachu, bakuli baada ya bakuli. Jioni akapika matoke na mchuzi wa karanga. Karanga zilikuwa zile kubwa nyeupe za dukani. Nikatia mdomoni. Wamama, mnaujua uso wangu, haujui kunyamaza. Ladha ilikuwa ya sabuni ya kufulia iliyosahauliwa mvuani. Nilimeza, nikasema asante, lakini Kaaka alikuwa ananitazama.

"Haina tamu?"

"Iko muzuri, Kaaka. Muzuri kabisa."

"Mm," akasema Kaaka.

Nililala kwake. Asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha, na ndizi bado zinateremshwa mlimani kwa kichwa, mkungu mmoja mmoja. Nikala tena kwake, nikanywa tena. Hapo ndipo aibu iliponibana. Mtu amekulisha siku mbili, nawe umekumbatia mfuko wa chakula kama mtoto mchanga. Kwetu mgeni hufungua kifurushi chake hata kama kina chumvi tu. Mwisho nikafungua kopo. Nikahesabu karanga kumi na tano, moja moja, moyo unaniuma. Nikaziweka kwenye kiganja chake. Halafu nikaona ni nyingi, nikachukua mbili nikazirudisha koponi.

Ndiyo, nilizirudisha. Nimesema nitaandika yote.

Kaaka alizitazama zile kumi na tatu, akanitazama mimi, akazifunga kwenye kona ya kanga yake bila kuonja hata moja. Nikafikiri amekasirika. Nami nilikasirika kwamba amekasirika. Watu husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Waliosema hivyo hawakuwa na kopo moja.

Ngarama hadi Makenke

Tuliondoka Jumanne alasiri. Tulipofika Kaberebere gurudumu likapasuka, na Deo akagundua kwamba jeki yake amemwazima shemeji. Tukakaa kando ya barabara tukingoja shemeji wa mtu mwingine. Mhubiri mmoja aliyepanda pale kwa lifti akaniuliza nimebeba nini, nikamwambia karanga, akaomba azibariki. Nilipofungua, alichota konzi akatia mdomoni, akatafuna mbichi akiwa amefumba macho.

"Mutumishi, hizo ziko mbegu!"

"Na mbegu nyingine ziliangukia penye udongo mzuri," akajibu, akameza.

Mbarara tuliingia jua likizama. Nilikuwa nafikia kwa Mama Pamela, mke wa mwanajeshi, yule mrefu aliyekuwa mteja wangu wakati mumewe anafanya kazi huku kwetu. Siku hizi wanakaa karibu na kambi ya jeshi ya Makenke, na mume alikuwa safarini kikazi. Alitoka mbio mlangoni mikono wazi.

"Mama Riziki! Banange, wewe nachoka sana! Kuja ndani. Leta hiyo mzigo, mimi nabeba."

Na hapa, kina mama, ndipo nilipokosea. Nilikuwa na aibu ya Ngarama bado inaniwasha. Nilijiambia, Mama Riziki, umemnyima bibi wa watu mfuko, unataka umnyime na huyu? Nikamwachia. Mfuko wa nguo akauingiza chumbani. Mfuko wa karanga, kwa sababu ulinukia chakula, akaupeleka jikoni.

Makenke hadi Ruharo, na harufu njiani

Jumatano ningeweza kwenda kituoni moja kwa moja, tena siku moja kabla ya wakati, na leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini ninyi mlinituma Ruharo. Mlisema nisipopita hospitali kumsalimia dada yetu Noela aliyepasuliwa jicho, nisirudi kwaya. Basi nikaenda. Kopo nililiacha nyumbani kwa Mama Pamela ili liwe salama. Narudia maneno haya kwa makusudi: ili liwe salama.

Ruharo nilifika mapema mno, nikangoja saa ya kuona wagonjwa ifike. Noela alifurahi. Jicho moja limefungwa, la pili linacheka. Akataka wimbo. Nikaimba. Akataka wa pili. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akataka wa kwake, ambao siujui, akanifundisha. Nilitoka pale mchana umekwenda sana, koo limekauka, nikatembea kurudi Makenke kwa miguu.

Nilikuwa bado mbali na nyumba harufu iliponifikia.

Nataka mnielewe. Ilikuwa ni harufu ya jikoni kwa mama. Si karanga za mtu yeyote, ni zile. Kuna utamu unaotangulia, halafu kitu kama udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, halafu mkate unaotoka motoni. Nilisimama katikati ya njia nikacheka peke yangu. Nikasema, asante Bwana, leo mama yangu ananipikia. Nilikwenda hatua kama kumi nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tangu Fizi.

Hatua ya kumi na moja nikaanza kukimbia.

Mama Pamela alikuwa ameketi nyuma ya nyumba na jiko la mkaa, ungo mapajani, anapepeta maganda. Alinitazama kwa tabasamu la mtu aliyefanya jambo jema.

"Umerudi! Mimi naona wewe iko na binyebwa, hii karanga mbichi, na safari bado. Mimi nasema, sasa huyu mgeni nakula nini kwa njia? Nafanya entanda yako. Naweka chumvi kidogo tu."

Entanda ndicho chakula cha njiani. Kwao mwenyeji hamwachi mgeni aondoke bila hicho, na mwanamke mzima kusafiri na karanga mbichi ni alama kwamba hana mtu wa kumkaangia. Alinionea huruma. Alichochea saa nzima kwa moto mdogo, bila kuunguza hata moja, kazi ambayo hata mimi ningejivunia.

"Mama Pamela," nikasema, "ile haikukuwa ya kukula. Ilikuwa mbegu ya mama yangu. Njo ile tu, hakuna ingine."

Tabasamu likabaki usoni pake kwa muda, kama taa iliyosahauliwa. Halafu likaondoka.

"Mbegu? Lakini wewe hapana sema!"

Na ni kweli sikusema. Niliketi kwenye tofali, nikalia mbele ya mke wa watu, kwa sauti. Yeye naye akalia. Tulipochoka kulia, mikono yetu sote wawili ikawa ndani ya ungo, tunakula. Zilikuwa tamu mno, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Makenke hadi kituoni

Alhamisi nilikwenda kituoni na kopo la karanga za kukaanga zenye chumvi. Daktari alinipokea na vikasha vya udongo vimepangwa, vimemwagiwa maji, vibao vimeandikwa. Nikafungua kifuniko. Hakuwa na haja ya kuangalia, pua ilimwambia.

Alitia karanga moja mdomoni, akatafuna mpaka ikaisha. Halafu akaniuliza taratibu kama zote ziko hivyo. Nikasema zote. Akachagua ishirini zilizoonekana nyeupe kidogo, akazifunga kwenye karatasi iliyoloweshwa maji, akasema atajaribu. Lakini uso wake ulikuwa uso wa mtu anayemfunika marehemu shuka.

"Angalau tuzionje vizuri, mama," akasema. "Zimeshafika."

Wakaniingiza chumbani na watu wengine watano wa kituo. Kila mmoja anapewa vikombe vitano vya karanga tofauti, vyenye namba, maji ya kusukutulia, na karatasi ya kujaza. Alama ya moja maana yake mbaya, tisa maana yake nzuri sana. Halafu kuna mistari: utamu, uchungu, harufu ya udongo, harufu ya majani mabichi. Nikamuuliza kijana wa karatasi, mahali pa kuandika kwamba kitu kimenikumbusha mama yangu ni wapi? Akasema mstari huo haupo. Nikamwambia basi karatasi yake ina kasoro.

Kikombe cha tatu nilikijua kabla hakijafika mdomoni. Wenzangu hawakujua kitu, wala hawakuruhusiwa kusema, lakini nilimwona mmoja akirudia kikombe cha tatu mara nne huku anajifanya anafikiri.

Kisha Daktari akanionyesha mashine. Ni kabati lenye bomba jembamba refu lililojiviringisha ndani. Harufu ya karanga inaingizwa upande mmoja, na kwa kuwa kila harufu ina mwendo wake, zinatoka upande wa pili moja moja, na hapo anakaa mtu na pua yake. Akasema karanga mbichi haina harufu hizo. Imebeba tu sukari na vitu vingine ndani yake, na moto ndio unaovigonganisha vikawa harufu. Ndiyo maana mbegu mbili zikikaangwa moto mmoja hazinukii sawa: zilichobeba si sawa. Nikamwambia hilo mama alilijua bila kabati. Akasema, "Mama yako alikuwa mtafiti." Nikamwambia mama yangu alikuwa mkulima, na asimshushe cheo. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Akaniweka pua kwenye bomba. Dakika moja hakuna kitu. Halafu sukari inayoungua. Ikapita. Halafu nyasi. Halafu udongo wa mvua. Halafu ganda la mkate. Kila moja ilikuja peke yake, ikaniacha. Nilikuwa nangoja ije karanga yenyewe, na haikuja, kwa sababu haimo. Ni hizo zote zikikaa pamoja. Nikatamani kuzikusanya kwa mikono. Nilikuwa naanza kupata machozi, umeme ukakatika.

Tulikaa kwenye benchi tukingoja. Daktari akasema watu wote wameweka kikombe cha tatu juu ya vingine, wala si kwa tofauti ndogo.

"Sasa mama, ladha tumeipata. Bila mbegu ni hadithi tu. Fikiri vizuri. Hakuna hata moja mbichi popote? Kumi zingenitosha kuanzia."

Nikamfikiria mhubiri, nikamlaani kimoyomoyo. Halafu nikakumbuka kona ya kanga.

Mbarara hadi Ngarama, mara ya pili

Mngedhani niliondoka saa ileile. Hapana. Lori la Deo huenda Ngarama mara moja kwa wiki, wengine hawajui hata njia, na mvua ilikuwa haijaacha. Nikangoja kwa Mama Pamela kuanzia Alhamisi hadi Jumanne. Alikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hupika. Nilikula kalo, ugali wao wa ulezi, nikala maharage, nikala kuku ambaye nilikuwa nimeanza kumzoea. Kila sahani alisema, "Nisamehe," na kila sahani nikajibu nimesamehe, mpaka nikamwambia, Mama Pamela, nimekusamehe tangu Ijumaa, lakini tumbo langu halijakusamehe. Daktari alipiga simu Jumapili: zile ishirini kwenye karatasi iliyoloweshwa zilikuwa zimeoza.

Siku zote hizo nilikuwa napiga hesabu moja tu. Kaaka ana mchuzi wa karanga zisizo na ladha. Amepewa karanga kumi na tatu. Mtu yeyote mwenye akili angezitia kwenye chungu usiku uleule.

Jumanne nikapanda. Deo alipoanza kusema haraka haraka, nilimtazama hivi kwamba hakumaliza.

Kaaka alikuwa anafagia uwanja. Sikungoja salamu ziishe, na kwa Wanyankore hilo ni kosa kubwa, maana salamu zao ni ndefu kama ibada.

"Kaaka, zile karanga nilikupatiaka. Ulizikula?"

Aliegemea fagio. "Kwanza agandi, kwanza habari."

"Ni marungi, ni nzuri, Kaaka. Ulizikula?"

Hakujibu. Alizunguka nyuma ya nyumba, mimi nyuma yake, mpaka kwenye kipande kidogo kando ya migomba, alichokizungushia miiba ili kuku wasiingie. Mstari mmoja tu. Udongo ulikuwa umepasuka hapa na pale, na katika kila ufa kulikuwa na shingo nene nyeupe ya mche imeinama, majani bado yamekunjwa kama mikono ya mtoto anayelala. Nilipiga magoti kwenye matope na kitenge changu cha kanisani. Nikahesabu. Kumi na moja.

"Mbili bado," akasema Kaaka. "Labda kesho."

Nililia tena. Wiki ile nililia kuliko mwaka mzima. Mwisho nikamuuliza kwa nini hakuzila.

"Mimi nilikuangalia," akasema. "Ulikula mchuzi yangu, nikaona uso yako. Huyu mtu anajua binyobwa, anajua karanga. Halafu ukanipa zako kama mtu nang'olewa jino. Moja, moja, moja. Nikasema, mtu haumii hivyo kwa chakula. Hii si ya kula. Hii ni ya kupanda."

Nikampigia simu Daktari. Alipiga kelele mpaka Kaaka akasikia: nisizing'oe, nisiziguse, nisipumue karibu nazo. Yeye atangoja zetu zikomae, kisha apande zake upya siku moja na mbegu zetu mpya. Miezi mitatu na ushei. Kaaka akasema ni sawa, lakini ana sharti: siku ya kuvuna, kabla ya karanga hata moja kwenda Mbarara, tutakaanga mbili za kila shina, yeye na mimi, na nimfundishe kufumba macho. Nikakubali. Na Mama Pamela aje akaange, maana ule moto wake siwezi kuudharau.

Nilikunywa bushera, nikafungua mfuko wangu wenyewe kabla sijaulizwa. Kulikuwa na karanga chache za kukaanga zilizobaki. Nikampa zote. Safari hii sikuhesabu. Alitia moja mdomoni, akatafuna, akasimama kama Daktari alivyosimama sokoni.

Mchungaji akisoma hapa, namwomba asinigeuzie jambo hili mahubiri ya Jumapili. Ninajua anachotaka kusema. Nimejisemea mwenyewe, na haipunguzi kuuma.

Kwa sababu nilipokuwa nakwenda kupanda lori, Kaaka alinisindikiza mpaka kwenye ua wa miiba, mdomo bado unatafuna, akanishika mkono.

"Nyabo. Na zile mbili ulirudisha?"

Nikajifanya napangusa matope kwenye kitenge.

"Ulizipanda wapi?"

"Zilikaangwa, Kaaka."

Alicheka mpaka akashika mgomba. Alikuwa bado anacheka lori lilipokata kona, na mimi, kina mama, nilikasirika njia nzima hadi Base Camp.